Lishike Gongo, Usilikabe!

Zamu yako imefika. Gongo ni moja tu, timu nzima mnapokezana, na aliyekutangulia amekuachia mpini umelowa jasho. Unasogea mbele, unalikamata kwa nguvu zako zote, meno umeyauma. Mrushaji anarusha, nawe unapiga.

Hapo mambo mawili yanaweza kukukuta. La kwanza, mpira unagusa gongo na mikono inapata mtetemo mkali, utadhani umeumwa na nyuki kumi kwa mpigo. La pili ni baya zaidi: gongo linachomoka mikononi na kuruka kuelekea kwa wenzako waliokaa wakisubiri zamu zao.

Mara nyingi mambo hayo yote yanaanzia sehemu moja, nayo ni namna ulivyolishika gongo. Ndiyo maana leo tunazungumza juu ya mikono yako.

(Na kabla hatujaenda mbali, gongo tunalozungumzia hapa ni lile la kupigia mpira wa besiboli na softboli. Lile lingine la kunywa liache kabisa, halina timu.)

MCHEZO WENYEWE

Besiboli ilikulia Marekani katika karne ya 19, ikapendwa sana Japani, Cuba na Jamhuri ya Dominika. Kwetu Afrika Mashariki ni mchezo mgeni, lakini si mgeni wa jana. Pale Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2018. Huko Uganda, watoto wa timu ya Lugazi walisafiri mwaka 2012 hadi South Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza kutoka bara la Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto ya Little League.

Kwa hiyo usiseme "huu mchezo si wetu". Ni wetu kama tunaucheza. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumeanza kushika gongo bila mtu wa kutuelekeza. Tumeona picha, tumeiga, basi. Na tumekuja na mazoea ya nyumbani: tumeshika jembe, tumeshika shoka, tumeshika mchi. Ukilima, mikono yako huiachanisha, mmoja mbele na mwingine nyuma, na mpini unauzamisha katikati ya kiganja. Kwa jembe ni sawa. Kwa gongo la besiboli ni kujitafutia maumivu.

KWANZA, UJUE MKONO WAKO

Angalia kiganja chako. Ndani ya mkono mmoja, kuanzia kwenye kifundo hadi ncha za vidole, kuna mifupa 27. Minane kati ya hiyo ni midogo kama kokoto, imepangana pale mkono unapoungana na kigasha. Mmoja wao unaitwa hamate. Upo upande wa kidole cha mwisho, na una kijipembe kinachotokeza kuelekea kiganjani, mfano wa ndoana.

Sasa chukua gongo. Kule mwisho wa mpini kuna kinundu kinachozuia lisichomoke. Ukilishika vibaya, kinundu hicho kinakaa sawasawa juu ya ile ndoana ya mfupa. Kila ukipiga, kinundu kinaugonga mfupa. Leo, kesho, keshokutwa. Siku moja unapiga kwa nguvu, ndoana inavunjika. Jeraha hili wanalijua sana wachezaji wa besiboli, gofu na tenisi, na kwa mpiga besiboli kwa kawaida linaupata mkono wa chini, ule ulio karibu na kinundu.

Jambo lingine: kama bado unakua, mifupa yako ina sehemu laini karibu na ncha zake. Hapo ndipo urefu unapoongezeka. Sehemu hizo hufunga mtu anapomaliza kukua. Kabla ya hapo, kuzitesa kwa gongo zito na mapigo mengi yasiyo na mapumziko kunaweza kuziumiza. Kwa hiyo usijipime na mchezaji mtu mzima. Yeye mifupa yake imeshakomaa, wewe yako bado inajengwa.

KUKABA HAKUONGEZI NGUVU

"Lakini nisipokaba, mpira hautaenda mbali!" Ndivyo wengi wanavyofikiri. Hebu tuone.

Mpira unapokutana na gongo, vinagusana kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ni muda mfupi sana, hata kupepesa jicho ni safari ndefu ukilinganisha. Mtetemo wa pigo hilo husafiri kutoka kichwa cha gongo kuja mikononi, lakini kabla haujafika na kurudi, mpira umeshaondoka zake. Maana yake ni kwamba kubana mpini pale mpira unapogusa hakuusukumi mpira hata kidogo. Kunachofanya ni kuupokea mtetemo wote mikononi mwako.

Nguvu ya kupiga inatoka wapi basi? Inaanzia miguuni, inapanda kiunoni, inapita kifuani na mabegani, mwisho inafika mikononi. Mikono kazi yake ni kulifikisha gongo mahali panapotakiwa, kwa mwendo wa haraka.

Huamini? Fanya jaribio hili sasa hivi hapo ulipokaa. Kunja ngumi kwa nguvu zako zote, halafu jaribu kuchezesha kifundo cha mkono huku na huku kwa haraka. Kigumu, siyo? Sasa legeza ngumi, uchezeshe tena. Umeona? Misuli ya kigasha ikikaza, kifundo kinakuwa kama kimefungwa kamba. Anayelikaba gongo anajifunga breki mwenyewe.

Na haraka inahitajika kweli. Kwa watu wazima, mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira ukija kwa mwendo wa kilomita 145 kwa saa, unamfikia baada ya kama sekunde 0.4. Watoto wa Little League hurushiana polepole zaidi, lakini nao wanasimama mita 14 tu. Huna muda wa kupoteza ukipambana na misuli yako mwenyewe.

HATUA KWA HATUA

Maelezo haya ni ya anayetumia mkono wa kulia. Kama wewe ni wa kushoto, geuza tu: penye kulia soma kushoto.

Hatua ya 1: Okota. Weka kichwa cha gongo chini mbele yako, mpini ukiegemea upande wako. Inama kidogo ulichukue kwa mikono yote miwili, taratibu, kama unayeokota ufagio wenye mti mrefu. Ukifanya hivi bila papara, mpini wenyewe unakwenda kukaa kwenye vidole.

Hatua ya 2: Panga mikono. Mkono wa kushoto uwe chini, karibu na kinundu. Mkono wa kulia uwe juu yake. Mikono igusane, isiwe na nafasi katikati. Kidole cha mwisho cha mkono wa chini kikae juu kidogo ya kinundu. Kisikae juu ya kinundu chenyewe, wala kisining'inie nje yake. Utaona kwenye televisheni baadhi ya wachezaji wakubwa wanaoning'iniza kidole. Waache. Wewe ndiyo kwanza unaanza.

Hatua ya 3: Vidole, siyo kiganja. Mpini upite pale vidole vinapoanzia. Usiuzamishe katikati ya kiganja kama mpini wa jembe. Ukiangalia kwa ndani, unatakiwa uone kwamba kiganja hakijaukumbatia mpini wote. Vidole ndivyo vimeubeba.

Hatua ya 4: Panga vifundo vya vidole. Ukikunja ngumi, safu ya vifundo vinavyotokeza pale kidole kinapoungana na kiganja ndiyo safu kubwa. Safu inayofuata, ile unayobishia hodi mlangoni, ndiyo safu ya hodi. Sasa safu ya hodi ya mkono wa juu ielekeane na mahali palipo kati ya safu ya hodi na safu kubwa ya mkono wa chini. Wengine wanazioanisha kabisa safu mbili za hodi, nayo pia inafaa. Kisichofaa ni safu kubwa ya juu kuoana na safu kubwa ya chini, maana hapo gongo limeshazama kiganjani na vifundo vya mikono vimefungika.

Kuna njia rahisi ya kujikagua. Ukiwa umeshika, kunjua vidole vyote viwili vya shahada. Vikielekea upande mmoja kama reli mbili za treni, uko sawa. Vikipishana na kufanya alama ya kuzidisha, panga upya.

Hatua ya 5: Legeza. Lishike gongo kama unavyoshika kifaranga. Ukilegeza mno anatoroka, ukibana mno anakufa. Mwalimu akija kulivuta gongo kutoka mikononi mwako, asilipate kirahisi, lakini asione pia vidole vimekuwa vyeupe kwa kubana. Usiwe na wasiwasi, ukianza kupiga mikono itakaza yenyewe kwa kadiri inayotakiwa.

Hatua ya 6: Jaribu polepole. Zungusha gongo taratibu bila mpira, kisha simamisha pale ambapo lingekutana na mpira. Angalia mikono yako. Kiganja cha mkono wa juu kinatazama mbinguni, kiganja cha mkono wa chini kinatazama ardhi. Kama ndivyo, umefaulu. Kama kiganja cha juu kimeshageukia chini, umekunja mikono mapema, na kuna uwezekano mkubwa mpira utaugonga kwa juu tu ukabingirika miguuni. Rudi hatua ya 3.

Rudia hatua hizi mara ishirini kila siku, hata kwa fimbo ya ufagio. Haihitaji uwanja wala fedha.

MBONA MIKONO BADO INAUMA?

Inawezekana umeshika vizuri, lakini umepiga kwa sehemu isiyofaa ya gongo. Kila gongo lina mahali patamu. Mpira ukigonga hapo, husikii mtetemo kabisa, unasikia "tak!" na mpira unaondoka. Ukigonga karibu na mpini au kwenye ncha, gongo zima linatetemeka kama waya wa gitaa, na mikono ndiyo inayolipia. Siku za baridi, kama asubuhi za Njombe au Limuru, maumivu hayo unayasikia mara mbili.

Mahali patamu utapatafuta hivi. Shika gongo kwa vidole viwili tu, karibu na kinundu, liache lining'inie. Mwenzako achukue mpira au kijiti, aligonge polepole kuanzia kwenye ncha akipanda juu kidogo kidogo. Vidole vyako vitasikia mtetemo. Utafika mahali, mara nyingi kama sentimita 13 hadi 18 kutoka kwenye ncha, ambapo mtetemo karibu unapotea. Weka alama ya chaki hapo. Mazoezini, lenga mpira ugonge kwenye chaki.

GONGO LIPI LINAKUFAA?

Hapa ndipo kwenye shida, kwa sababu shule nyingi zina magongo mawili matatu ya msaada, mengine ya watu wazima. Kijana wa kidato cha kwanza anapewa gongo linalomzidi, analazimika kulikaba ili lisimzidi nguvu, na tabia ya kukaba inaanzia hapo.

Jaribio la siku nyingi la makocha ni hili. Shika gongo kwa mkono mmoja, linyooshe pembeni usawa wa bega, uhesabu hadi 20. Kama mkono unatetemeka au unashuka kabla hujamaliza, gongo hilo ni zito kwako.

Kama hakuna jingine, panda juu. Yaani sogeza mikono yote miwili juu ya kinundu kwa upana wa vidole viwili au vitatu. Gongo litakuwa jepesi mikononi, litazunguka haraka, na kinundu hakitakugonga mfupa. Usione aibu. Wapo wanaocheka, "Huyo hana nguvu!" Shauri yao. Babe Ruth wa zamani alipiga kwa magongo ya zaidi ya kilo 1.1, lakini wachezaji wengi wa kulipwa wa siku hizi, pamoja na misuli yao yote, wanatumia magongo ya karibu gramu 900. Wamegundua kwamba mwendo wa gongo una faida kuliko uzito wake.

Tony Gwynn wa timu ya San Diego Padres alikuwa na gongo dogo kuliko la wengi, akawa bingwa wa wapigaji wa ligi yake mara 8. Mfano wa kuigwa, siyo? Lakini Gwynn alikuwa pia na tabia ya kuweka tumbaku mdomoni, kama wafanyavyo watu wa ugoro, tabia iliyokuwa imeenea sana kwenye besiboli. Mwaka 2014 alifariki kwa saratani ya tezi za mate, akiwa na miaka 54. Mwenyewe aliamini kwamba tumbaku ndiyo iliyomletea. Basi mwige gongo lake, usiige ugoro wake.

GONGO LINALORUKA

Sasa lile jambo baya tulilolitaja mwanzoni. Gongo likimchomoka mpigaji lina uwezo wa kuvunja taya, kung'oa meno au kupasua fuvu. Si mchezo tena. Kwa hiyo:

- Kabla ya kupiga, futa mikono na mpini kwa kitambaa kikavu. Kila timu iwe na kitambaa chake hapo hapo uwanjani.
- Kama mpini unateleza, uzungushie utepe wa kitambaa au vipande vya tyubu ya baiskeli, uvifunge imara. Hakikisha haviachii.
- Ukishapiga, usitupe gongo. Liachie lidondoke chini pembeni, ndipo ukimbie.
- Gongo lenye ufa halitumiki. Usipige misumari, usigundishe. Kipande kikiruka ni kama mkuki.
- Wanaosubiri wakae nyuma ya wavu, ukuta au mti mkubwa. Kama hakuna, wakae mbali, hatua ishirini au zaidi. Hakuna kukaa kwenye nyasi karibu na mpigaji mkipiga soga.
- Asiyepiga asizungushe gongo ovyo. Ajali nyingine zinatokea wakati wa mapumziko, mtu anajionyesha na mwenzake anapita nyuma yake.
- Mpigaji avae helmeti. Kama ni moja tu, mpokezane, kama mnavyopokezana gongo.

Mwenzako akigongwa kichwani, mtoe mchezoni siku hiyo hiyo hata kama anasema "niko poa". Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa, akipoteza fahamu au kuumwa kichwa kunakozidi, mpelekeni hospitali mara moja. Msisubiri asubuhi.

MALENGELENGE NA DAMU

Wiki za kwanza, mikono itatoa malengelenge. Ni kawaida, lakini yakizidi ni dalili kwamba unakaba au mpini unasugua kiganjani. Usiyatumbue. Ngozi ile ya juu ndiyo bandeji yako ya bure. Yakipasuka yenyewe, osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi au bandeji, na upumzike kupiga mpaka yakauke. Kidonda kikivimba, kikitoa usaha au kikiwa cha moto, nenda zahanati. Uliza pia kama chanjo yako ya pepopunda bado inafaa, maana mnacheza kwenye udongo.

Na kama damu imebaki kwenye mpini? Gongo lisitumike mpaka lisafishwe. Aliyejeruhiwa afunge kidonda kwanza. Anayesafisha avae glavu za mpira au mfuko wa plastiki mkononi, afute damu, aoshe mpini kwa sabuni, kisha aupake maji yenye dawa ya klorini na kuuacha ukauke.

Tuelewane hapa. Hupati virusi vya UKIMWI kwa kushika gongo alilolishika mwenzako, wala kwa jasho lake, wala kwa kupeana mkono mkishinda. Kumtenga mchezaji kwa sababu hiyo ni ujinga na ni ukatili. Tunasafisha damu ya kila mtu, bila kuuliza ni ya nani, kwa sababu kuna magonjwa mengine pia. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Sabuni, klorini na chanjo ndivyo vinavyokulinda. Kumnyooshea mtu kidole hakukulindi.

WASOMAJI WANAULIZA

Swali: Mimi natumia mkono wa kushoto. Wenzangu wananicheka, na kocha ananilazimisha nisimame kama wa kulia. Nifanyeje?

Jibu: Mweleze kocha kwa adabu kwamba kwenye besiboli mkono wa kushoto ni mali. Mpigaji wa kushoto husimama upande ulio karibu na kituo cha kwanza, kwa hiyo anapunguza hatua moja au mbili za kukimbia. Makocha wengine duniani wanawatafuta watu kama wewe. Mkono wako wa kulia uwe chini, wa kushoto juu. Muombe akujaribu wiki moja hivyo, aone matokeo.

Swali: Nimezoea kupishanisha mikono, yaani natumia kulia lakini mkono wa kushoto ndio uko juu. Napiga vizuri tu. Kuna ubaya gani?

Jibu: Hauko peke yako. Hank Aaron, mtoto wa Mobile, Alabama, alijifunza hivyo hivyo akiwa hana wa kumfundisha. Alibadilisha alipoingia kwenye besiboli ya kulipwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na alipostaafu mwaka 1976 alikuwa amepiga mipira 755 ya kuzunguka vituo vyote, rekodi ya wakati huo. Ubaya wa kupishanisha ni kwamba vifundo vya mikono vinazuiana wakati wa kuzungusha, unakosa mwendo na unaweza kujitegua. Badilisha sasa. Wiki mbili za kwanza utajiona kama umesahau kila kitu. Vumilia, itakuja.

Swali: Kiganja kinaniuma upande wa kidole cha mwisho, sasa yapata wiki tatu. Nikishika ndoo ya maji inaniponyoka. Nilipigwa picha ya eksirei, wakasema hakuna kilichovunjika. Niendelee kucheza?

Jibu: Hapana. Weka gongo chini kwanza. Dalili zako zinafanana na za kuvunjika ile ndoana ya mfupa wa hamate, na mvunjiko huo mara nyingi hauonekani kwenye picha za kawaida. Rudi hospitali, ikiwezekana ya mkoa au ya rufaa, ueleze kwamba unapiga besiboli na uonyeshe kwa kidole mahali panapouma. Uliza kama unaweza kupigwa picha ya pembe nyingine au kipimo cha CT. Ukiwahi, unaweza kutibiwa kwa kufungwa mkono ili mfupa uunge. Ukichelewa, pengine italazimu upasuaji wa kukitoa kile kipande. Kama unasikia ganzi kwenye kidole cha mwisho na cha pete, sema pia, maana mshipa wa fahamu unapita hapo hapo. Na usikubali kukandwa kwa nguvu na mtu yeyote kabla hujapimwa.

Swali: Sisi wasichana tunacheza softboli. Je, kushika ni tofauti?

Jibu: Ni kule kule. Mpira wenu ni mkubwa zaidi na unarushwa kwa chini, lakini mikono ni ile ile na mifupa ni ile ile. Fuateni hatua zote sita. Na gongo zuri likija shuleni, lisiishie kwa wavulana.

KABLA HUJAONDOKA

Kesho mkienda uwanjani, usianze na mpira. Wakusanye wenzako dakika kumi, kila mmoja aonyeshe anavyoshika. Mkaguane vidole vya shahada, kama ni reli au ni alama ya kuzidisha. Mtafute mahali patamu pa gongo lenu, mpatie chaki. Mchague nani atakuwa na kitambaa. Halafu mwangalie wanaosubiri wamekaa wapi.

Hakuna kinachohitaji fedha hapo. Lakini mikono hiyo unayopigia besiboli ndiyo unayoandikia mtihani, ndiyo utakayofanyia kazi maisha yako yote. Lishike gongo kama kifaranga, uutunze mkono wako, na umtunze aliyekaa nyuma yako.

Tukutane uwanjani!